Taa ya mfuko wa mchanga: tupige hesabu kabla ya kuchanga

Mhariri,

Mwaka 2012 wabunifu wa GravityLight, taa iliyobuniwa London, waliomba dola 55,000 kupitia tovuti ya Indiegogo. Watu wakachanga karibu 400,000. Wazo lenyewe zuri: unapandisha mfuko wa mchanga wa kilo 12 hadi mita 1.8, nao mfuko unashuka polepole ukizungusha gia na dainamo, taa inawaka dakika 20 hivi bila mafuta ya taa.

Lakini kilo 12 mara 9.8 (nguvu ya mvutano wa dunia kwa kila kilo) mara mita 1.8 ni takriban jouli 212 za nishati. Gawanya kwa sekunde 1,200: wati 0.18, na hapo gia hazijala sehemu yake. Mwanga huo humfaa mtoto aliyeinamia daftari, hauangazi chumba. Kuchaji simu ndiyo kabisa! Betri yake hubeba jouli 40,000 hivi. Ungepandisha mfuko karibu mara 190.

Linganisha na paneli ya jua: ya wati 3, ikipata jua kali kwa muda wa saa 5, huzalisha hadi jouli 54,000.

Wachangiaji wa taa kama hizi, nawasihi muulize mapema: boriti ya nyumba itabeba uzito huo? Gia ya plastiki ikisagika, nyingine inauzwa duka gani, kwa shilingi ngapi?

Fundi wa umeme wa jua,
Kisumu