Shoga, nisaidie na hili la gemu za Nasri

Shogaangu Somoe,

Asalaam aleykum, hali yako, mama mguu unaendeleaje? Huku wazima, joto tu limezidi na mtaa mzima gumzo ni mnada wa korosho, hayo tutaongea kwa simu. Najua nimekaa kimya toka harusi ya Rehema ila leo nina jambo na nataka unisaidie kabla shemeji yako hajaamua peke yake.

Ni Nasri. Kimefunguliwa kibanda cha gemu huku nyuma ya soko, ukiwa na jero unacheza, usipokuwa nayo unasimama nyuma ya mwenye jero unaangalia bure mpaka adhana ya magharibi. Na kinachochezwa ni zile za vita, mtu anapigwa ya kichwa damu inaruka, na wanaoshika padi ni vijana wakubwa wametoka kwenye bodaboda wanapumzika zao, hao siwasemi. Ila Nasri wangu miaka minane Somoe! Na pembeni yake yupo Abudu, mtoto wa wale waliovuka Ruvuma toka Msumbiji baada ya mji wa Palma kuvamiwa ile 2021. Mama yake kaniambia akirudi toka kibandani usiku hakulali, anastuka. Sisi tuliosikia ya kijiji cha Kitaya kuvamiwa mwaka 2020 tunajua bunduki siyo habari ya kwenye tivi tu, na roho yangu haikubali mtoto aone mtu anaanguka halafu wenzake wacheke.

Sasa baba Nasri yeye kasema basi, hakuna gemu yoyote ya kupiga, hata zile bunduki za plastiki za Idi kazitupa (hizo za vigololi hata mi sizitaki, zinatoboa jicho). Lakini hapa ndo tunapopishana. Mtoto wa kiume umri ule atapiga tu, utamnyima ya plastiki atashika bua la papai, utamnyima bua atanyoosha kidole, pa pa pa! Raha yao ni kukimbia, kujificha, kulenga na kupata. Damu hawaihitaji kabisa, ni wakubwa ndo wameiweka.

Na gemu za hivyo zipo, yule Hamisi wa Ligula ndo kanionyesha kwenye simu. Kuna inaitwa Splatoon, ya kampuni ya Nintendo, bunduki zake zinatoa wino wa rangi, wengine wanatumia brashi, wengine ndoo kabisa, wanne kwa wanne dakika tatu, na anayeshinda siyo aliyeangusha watu wengi, ni timu iliyopaka sehemu kubwa ya uwanja. Ukipigwa unapasuka kuwa wino unarudi ulipoanzia unaendelea. Halafu wachezaji wenyewe ni ngisi na pweza! Unakuwa mtu, ukitaka kwenda mbio unageuka ngisi unaogelea ndani ya rangi yako. We hebu fikiria watoto wa pwani hawa, Abudu ambaye babake alikuwa mvuvi, aone ngisi anashika bunduki ya wino. Nilicheka peke yangu barazani.

Nyingine ni za Nerf, ile kampuni ya bunduki za risasi za sponji. Ilitoka gemu ya Wii, mashine ya zamani ya Nintendo ya kuchomeka kwenye tivi, mwaka 2008, Nerf N-Strike, inauzwa na bunduki ya plastiki, remoti ya gemu unaichomeka humo ndani halafu unalenga shabaha kwenye tivi. Wii zilizotumika nasikia ni rahisi, ila mi moyo uko kwenye ya wino, sitaki mtoto anyooshe mtutu sebuleni na Abudu kakaa pembeni, hata kama ni wa sponji.

Nilijaribu kwanza kumwekea za bure kwenye simu yangu, bunduki za kuchezea vilevile, zenyewe hazina ubaya, ubaya ni matangazo, kila akimaliza raundi linatokea tangazo la gemu ya mizombi. Sasa nazima data ndo nampa. Ikifika saa ya umeme kukatika simu nayo inakufa, ndo maana naitaka ile Switch, mashine ya Nintendo inayochezesha hiyo ya wino, ina betri yake unacheza mkononi.

Basi naomba unipitie pale mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwa shemeji yetu muuza gemu. Mwambie Switch iliyotumika na Splatoon 2 au 3, siyo ile ya kwanza ya Wii U, hiyo upande wake wa intaneti ulifungwa 2024. Intaneti yenyewe wala siitaki, bando litaniua na huko atakutana na nani sijui, ina safari ya mtu mmoja haihitaji mtandao, watapokezana na Abudu. Na kwenye kasha angalieni pembeni chini pana kiboksi cha namba, 3, 7, 12, 16, 18, hiyo ni umri. Ikiwa 7 sawa. Likiwa kasha la Marekani litaandikwa E10+. Asiniletee ya 16 akasema watoto wa siku hizi wanaweza.

Hela ya korosho nimeshaiweka pembeni. Sasa niambie, wa kwako Shamsa anacheza nini? Ulimwekea muda au anajichezea tu? Na wewe unaonaje, baba Nasri ana haki kukataa zote? Ungekuwa wewe ungemwambiaje? Kwa Switch moja shemeji anaweza kushuka bei kidogo au nisijisumbue kuomba? Na ikiharibika huku Mtwara nani anatengeneza, hebu muulize.

Nijibu kabla ya Ijumaa, baba Nasri mwenyewe anarudi toka Newala. Ming'oko natuma na basi la kesho, kapokee mwenyewe pale Mbagala, usimtume yule kijana.

Wako,
Mama Nasri