Barua kwa mdogo wangu Tukuyu: mvua ya paka na mbwa

Leeds, Uingereza

Mdogo wangu mpendwa,

Ndaga fijo kwa barua yako. Mfikishie mama shikamoo yangu, mwambie sijambo, baridi nimeshaizoea.

Nimefurahi mno kusikia umeanza kuwapeleka wageni Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu. Kiingereza chako kitakua hukohuko njiani, ukiwa na watu wanaokisema.

Sasa nikujibu kuhusu ile misemo ya Kiingereza uliyoniandikia. Yule mgeni aliyetazama wingu juu ya msitu akasema watanyesha paka na mbwa alimaanisha mvua kubwa tu, kama ile yetu inayopiga bati mpaka mnaongea kwa kupigiana kelele. Watakusimulia kwamba zamani wanyama hao walilala kwenye mapaa ya nyasi, maji yakawaporomosha. Usiamini, ni hadithi ya kubuniwa. Lakini msemo wenyewe ni mkongwe: Jonathan Swift aliuandika mwaka 1738, na wazee ninaowatunza hapa kazini bado wanao.

Nimecheka peke yangu jikoni niliposoma habari ya Bob. Mgeni anaeleza namna ya kufunga hema, vuta hapa, kaza pale, "na Bob ni mjomba wako", nawe unamjibu kwamba mama hana kaka wa jina hilo! Anachosema ni "basi, kazi imekwisha". Wengi huku wanauhusisha msemo huo na waziri mkuu Robert Cecil, ambaye mwaka 1887 alimpa Arthur Balfour uwaziri wa mambo ya Ireland. Bob ni kifupi cha Robert, na Robert huyo alikuwa mjomba hasa, kaka wa mama yake Balfour. Uteuzi ni wa kweli. Ila msemo ulianza kuonekana kwenye maandishi miaka mingi baadaye, kwa hiyo isimulie kama hadithi.

Mgeni akikwambia unamvuta mguu, anadhani unamtania. Akimwaga maharage, ametoa siri; sisi tungesema amemwaga mtama kwenye kuku wengi. Na anayeambiwa avunje mguu kabla ya kupanda jukwaani hajalaaniwa, anatakiwa heri.

Sasa hili la kupiga ndoo teke lishike vizuri, maana umesema umelipenda. Maana yake ni kufa, lakini ni neno la mzaha. Kijiweni unaweza kusema fulani kadanja. Msibani, mbele ya wafiwa, hulitamki hilo hata kwa bahati mbaya. Na huku ni vivyo hivyo. Mzee akitutoka hapa, hakuna anayewapigia wanawe simu kuwaambia baba yao amepiga ndoo teke. Mgeni akikusimulia habari ya mzazi wake aliyefariki, tumia neno la kawaida la heshima, umpe pole. Naomba kila msemo unaojifunza uulize kwanza husemwa na nani, mbele ya nani. Maana yake utaipata kwenye kamusi, lakini hilo utalijua kwa kusikiliza watu.

Ukikutana na mingine, iandike jinsi ulivyoisikia, hata kama hukuishika yote, unitumie. Nitawauliza wazee wangu wakati wa chai. Wanapenda sana kuulizwa.

Wasalimie wote.

Dada yako