Alhamisi tunasaini mkopo upya, na kuna deni mume wangu halijui

Kwako shangazi,

Nianze na Alhamisi, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Saa nne asubuhi mimi na Baba Neema tunatakiwa benki kusaini mkataba mpya wa mkopo wa nyumba. Yeye ameshapiga pasi shati. Mimi nimekaa mezani na kikokotoo, na kila nikipiga hesabu naona tunakwenda kufungwa tukidhani tunafunguliwa.

Tunaishi Donholm, hapa Nairobi, fleti ya vyumba vitatu tuliyonunua Novemba 2017 kwa milioni 7.5. Milioni moja na nusu ilitoka mifukoni mwetu: akiba yangu, mkopo wake wa ualimu, na pesa za baba mkwe, ambaye aliuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba kule Webuye. Kumbuka hao ng'ombe, watarudi. Milioni sita zilitoka benki, za kulipwa kwa miaka 20. Wakati ule sheria ilikuwa imewekea riba kikomo, nasi tulianzia asilimia 14, Sh74,600 kwa mwezi. Kikomo kiliondolewa 2019. Mkopo wetu ni ule wa riba inayopanda na kushuka, na 2024, riba ya Benki Kuu ilipokuwa asilimia 13, malipo yetu yalifika Sh87,000. Tangu Agosti mwaka huo Benki Kuu imekuwa ikipunguza hatua kwa hatua. Benki yetu ilipanda mbio, ila kushuka inashuka kwa mwendo wa kobe: leo tuko asilimia 16.5, na malipo ni Sh82,000.

Hapo 2024 ndipo nilipoharibu. Nilikuwa mhasibu kazini na mhasibu nyumbani. Baba Neema alikuwa akinitumia sehemu yake, mimi nalipa, hakuna aliyeuliza zaidi. Malipo yalipopanda sikumwambia. Nilijiambia ni ya miezi michache. Nikachukua mkopo wa Sacco wa Sh300,000 ili nizibe pengo na nimalize karo ya Neema. Wadhamini walikuwa watatu: wawili wa ofisini, na wa tatu wifi yangu, dadake mume wangu, ambaye ni mimi niliyemwingiza kwenye Sacco hiyo. Nikamwomba asimwambie kakake. Akakubali, na nadhani amejuta tangu siku hiyo.

Juni 2025 nikapigwa kalamu. Si mimi peke yangu, idara nzima ilifungwa. Nilikuwa nimefanya kazi miaka tisa, na sheria inasema fidia isipungue mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka. Nililipwa siku 15 kamili, hata ya 16 haikuonekana. Pesa hizo pamoja na mshahara wa mwezi wa notisi zililipia nyumba hadi Oktoba, zikalipa karo, zikaisha. Novemba, Desemba na Januari hatukulipa. Bima ya mkopo ambayo nimeichangia miaka yote hii niliitoa kabatini nikaisoma neno kwa neno. Inalipa nikifa au nikilemaa. Nikifutwa kazi nikiwa mzima wa afya, haina habari na mimi.

Katikati ya hayo nikaingia kwenye mikopo ya simu. Programu nne, jumla Sh63,000. Unakopa huku ulipe kule. Jamaa wa moja ya hizo programu alimpigia mwalimu wetu wa kwaya akamwuliza kama ananijua. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinakataza wakopeshaji kuwasumbua watu walio kwenye orodha yako ya simu, lakini kanuni hiyo ingemsaidia nini mwalimu wa kwaya saa moja jioni, katikati ya mazoezi? Siku hizi naimba nikiwa nimekaa nyuma.

Sasa nirudi kwenye mkataba wa Alhamisi, nao ndio nataka uutazame kwa makini. Benki imekubali kuchukua malimbikizo ya miezi mitatu na faini, iyaongeze kwenye deni, liwe milioni 5.35, kisha ituongezee muda hadi Baba Neema afike miaka 60, umri wa walimu kustaafu. Yaani badala ya miaka 12 isiyotimia iliyobaki, tulipe kwa miaka 17. Baba Neema aliposikia "kuongezewa muda" alishukuru Mungu kwa sauti pale pale kwenye kiti cha benki. Mimi nikauliza malipo mapya ni ngapi. Sh78,400.

Shangazi, tumetoka 82,000 tukaingia 78,400. Nafuu haifiki elfu nne kwa mwezi, na kwa nafuu hiyo tunalipa miaka mitano zaidi. Nimejumlisha: tukiendelea kama zamani tungemaliza kwa kulipa kama milioni 11.6, kwa mkataba mpya tutalipa karibu milioni 16. Sababu ni kwamba deni la milioni 5.35 kwa riba hii linazaa zaidi ya Sh73,500 kila mwezi kabla hujapunguza hata shilingi moja ya deni lenyewe. Hata ungeongezewa miaka mia, hutashuka chini ya hapo. Niliomba miezi sita ya kulipa riba tupu. Wakaniambia inawezekana, na riba tupu ndiyo hiyo hiyo 73,500. Nilitaka kucheka.

Tunatoa wapi 78,400? Mshahara wa Baba Neema unaofika mkononi ni Sh38,000. Mikopo mingine haiwezekani kwake, hati yake ya mshahara imebaki ile theluthi ambayo sheria hairuhusu iguswe. Mimi nafanyia maduka matatu ya mtaa wa Umoja hesabu zao na kodi zao, napata kati ya 15,000 na 20,000. Ukijumlisha yote, na tukale hewa, bado hatufiki.

Wakala mmoja aliniambia fleti inaweza kupangishwa kwa 45,000, sisi tuhamie nyumba ya 16,000 huko Kayole. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi, maana moyo wangu unaipenda. Inafikia malipo ya benki kwa kubanana, ila karo na chakula karibu vyote vinabaki nje, na mpangaji akikosa mwezi mmoja tumerudi kulekule.

Njia iliyobaki ni kuuza. Kuna mtu, jamaa ya jirani, ametaja milioni 6.9. Ni chini ya tuliyonunulia, najua, lakini benki ikilipwa tutabaki na kama milioni moja na nusu, tukishatoa gharama za wakili. Tukingoja mnada sijui tutabaki na nini. Wakili wa kanisani amenieleza jinsi sheria ya ardhi inavyokwenda: notisi ya miezi mitatu ya kulipa malimbikizo, halafu notisi ya siku 40 kabla ya kuuza, kisha dalali naye anatoa siku 45. Benki inatakiwa itafute bei nzuri, na ikiuza kwa chini ya robo tatu ya bei ya soko mwenye nyumba ana hoja mahakamani. Robo tatu ya fleti yetu haitoshi hata kulipa deni.

Baba Neema hataki kusikia neno kuuza. Anasema ng'ombe wa baba wako ndani ya kuta hizi. Mzee ana miaka 78, na kila Krismasi huuliza, "Nyumba yangu ya Nairobi haijambo?" Sina jibu la hilo kwenye kikokotoo.

Halafu kuna pensheni yangu. Kwa kuwa nimeacha kazi naruhusiwa kuchukua michango yangu na nusu ya ile ya mwajiri, na hiyo inanipa Sh380,000. Baba Neema ameshaipangia kazi: tulipe malimbikizo, 246,000, ili benki itulie. Hajui kwamba Sacco imeshakata akiba yangu, zimebaki 210,000, na wifi ametumiwa ujumbe kwamba watagusa akiba yake. Wifi anauza mitumba Gikomba, hiyo akiba ni ya mwanawe kuingia chuo. Amenipa hadi Pasaka nimwambie kakake, la sivyo atamwambia mwenyewe. Ukiongeza mikopo ya simu, naficha 273,000. Pensheni inaweza kutuliza benki au kumwokoa wifi na kufunga hizo programu. Yote mawili haiwezi.

Naomba unishauri haya. Nimwambie mume wangu kabla ya Alhamisi, nikijua anaweza kukataa kusaini kwa hasira na pia akakataa kuuza? Au tusaini kwanza, tupate utulivu wa miezi miwili mitatu, ndipo niseme? Nyumba ina majina yetu wawili, hakuna kinachofanyika bila sahihi yake. Pensheni niipeleke wapi? Na je, kuna namna ya kumwendea baba mkwe kwanza, mimi mwenyewe, nipande basi la Webuye, au hilo litakuwa kumpita mume wangu tena, kama nilivyompita 2024?

Baba Neema amelala. Karatasi za benki ziko chini ya kikapu cha matunda, na ukurasa wa kuweka sahihi ameuwekea alama ya kalamu nyekundu, kama anavyosahihisha madaftari.

Mama Neema,
Donholm, Nairobi