Barua kwa mwanangu: kucha za paka na jicho la mjukuu wangu

Kondoa

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Huku wazima, ni magoti ya baba yako tu.

Mdogo wako kanionyesha ile picha ya mjukuu wangu. Nikamwambia aivute iwe kubwa. Mchubuko unaanzia juu ya pua unateremka mpaka chini kidogo ya jicho, na wewe umeandika "amecheza na paka wake" ukaweka na kikatuni kinacheka. Mimi sikucheka. Ungepanda juu kidogo tu, leo tungekuwa tunazungumza habari ya jicho.

Nasikia na mkwe wangu kasema paka aondoke, au apelekwe kwa mtaalamu akang'olewe kucha zote yaishe. Mwambie, kwa heshima zake, mama amekataa. Ukucha wa paka umeota kwenye mfupa wa mwisho wa kidole. Kuung'oa ni kukikata kidole chenyewe pale kwenye kiungo. Uingereza sheria inakataza. Na akishang'olewa kucha, kujitetea kwake kumebaki meno. Hayo ndiyo mnayataka karibu na mtoto?

Kumtupa nako nisisikie. Yule wa kwanza unajua alivyoondoka humu ndani, na aliyetoa amri unamjua. Tuyaache.

Mkate kucha. Nakusikia unaguna, mama kaanza lini mambo haya. Ni kweli huyu wangu wa ghalani hajakatwa, wala simgusi. Kutwa yuko juu ya mwembe, mbwa wa jirani wakimtimua kucha ndizo zinazompandisha, na kwa kazi hizo zinalika zenyewe. Wako analala kwenye marumaru za Ilazo huko Dodoma akisubiri dagaa. Zitalika kwa lipi? Nilimuuliza mama wa duka la dawa za mifugo, akaniwekea paka wake mapajani nikaangalia kwa macho yangu.

Ngoja ale ashibe, asinzie. Mpakate mgongo wake ukielekea kwako. Shika kidole kimoja, bonyeza taratibu juu na chini, ukucha utachomoza wenyewe. Uelekeze dirishani. Utaona kwa ndani kitu cha pinki, hapo ndipo penye damu na maumivu. Usipasogelee. Kata ile ncha nyeupe iliyopinda, basi. Kama ukucha ni mweusi na huoni kitu, kata kincha tu, bora ubaki mrefu. Nelikata yenu ya kawaida inafaa ikiwa kali. Ishike ikate toka juu kwenda chini, ukiubana kwa ubavu unapasuka. Wembe usiingie kabisa kwenye shughuli hii. Namjua mkwe wangu na haraka zake.

Kucha huwa 18, tano tano mbele, nne nne nyuma. Usizimalize siku moja kama hataki. Leo mbili, kesho tatu, na kipande cha dagaa baada ya kila mguu. Akianza kupiga mkia, mwachie. Wewe tangu utoto ukianza jambo lazima liishe leo leo, na ndiyo maana umefika ulipofika, hapa mtaani nakutaja mpaka wananichoka. Lakini paka si faili la ofisi za serikali kule Mtumba.

Ule wa tano wa mbele, ulioko juu kwa ndani kama kidole gumba, usiusahau. Haugusi chini, kwa hiyo haupungui, na kwa paka wengine huzunguka mpaka ukachoma nyama. Nauhisi ndio uliopita karibu na jicho la mtoto. Ukikosea damu ikatoka, bandika unga wa mahindi mkavu, kandamiza dakika chache, itakata. Halafu rudia kila baada ya wiki mbili tatu, maana zinaota tena. Gogo lililozungushiwa kamba ya katani mfungie hapo sebuleni, aparue humo na aache makochi. Utakuta maganda makavu chini, ni ya kucha, asije mtu akashtuka.

Na pamoja na hayo yote, jicho lako lisibanduke kwa mtoto. Kucha zilizokatwa bado zinakwaruza. Mtoto anayetambaa na paka hawaachwi wawili chumbani, hata kama unakwenda jikoni kuepua chai tu. Dada wa kazi mwambie hivyo hivyo, na umwambie kwa upole, sauti yako nimeisikia kwenye simu.

Huo mchubuko uliuosha? Kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, si kupangusa na kitambaa. Akipata homa, au tezi za kwapani na shingoni zikavimba, mpeleke hospitali na useme ni paka, maana viroboto huacha uchafu wenye vijidudu unaobaki kwenye kucha. Chanjo ya kichaa cha mbwa paka anayo? Hukuniambia. Kama hana, au hukumbuki, usisubiri dalili yoyote, mpeleke mtoto leo wakamwangalie. Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine.

Alizeti tumekamua. Nimekuwekea dumu la lita 20 na asali chupa mbili, nitampa kondakta wa basi la asubuhi, mkwe akapokee stendi. Mafuta yaache yatulie kabla hujayamimina, chini kuna machicha. Baba yako anataka kupaua banda upya na bati hatujapata, hilo tutaongea. Mdogo wako naye anadai viatu vya shule, vile ulivyoleta vimembana.

Dumu nirudishie. Lile la mwaka jana bado liko kwako.

Mama yako