Gugu jipya la ziwani linataka mdudu wake

Ndugu Mhariri,

Tangu gugu jipya liliposumbua vivuko kati ya Kigongo na Busisi, Ziwa Victoria, mwanzoni mwa 2025, swali moja halijaisha mialoni: wale wadudu waliopambana na magugu maji zamani wako wapi, na mbona hili hawaligusi? Ni swali la maana sana, nami naomba nafasi nilijibu.

Wadudu wale ni mbawakavu wa aina mbili, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, wenyeji wa Amerika Kusini kama yalivyo magugu maji yenyewe. Waliachiwa Ziwa Victoria kuanzia katikati ya miaka ya 1990. Maisha yao yote yanategemea mmea huo mmoja. Mdudu mzima hukwangua ngozi ya jani, jike hutaga ndani ya kikonyo, na buu hutoboa kuteremka hadi kwenye kitako cha mmea. Akishakua, huingia majini na kujifunga katika kifuko anachokitengeneza kwa nyuzi za mizizi iliyo hai. Pasipo mizizi hiyo, buu hafiki kuwa mbawakavu. Kwa sababu hiyo ndiyo waliaminiwa kuachiwa: hawawezi kuhamia kwenye mpunga wala mihogo yetu. Na kwa sababu hiyo hiyo, gugu jipya haliwahusu.

Hili jipya limetajwa kuwa la jamii ya salvinia, kangaga linaloelea, lenye vinyweleo juu ya jani vinavyofukuza maji. Mdudu wa salvinia anajulikana. Ni mbawakavu mweusi wa milimita 2 hivi, Cyrtobagous salviniae. Mzima hula machipukizi, buu hupekecha shina, mmea hugeuka kahawia na kuzama. Mwaka 1980 aliachiwa katika Ziwa Moondarra, Queensland, Australia, na kwa muda wa mwaka mmoja na kidogo alikuwa ameangamiza maelfu ya tani za gugu.

Lakini kabla ya ushindi huo watu walihangaika miaka mingi, na hapo ndipo ninapotaka tutulie. Bwawa la Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, lilipokuwa likijaa maji, salvinia ilitanda hadi kufikia karibu kilomita za mraba 1,000 mwaka 1962. Ilidhaniwa kuwa ni Salvinia auriculata, hivyo wadudu wakatafutwa kaskazini mwa Amerika Kusini na Trinidad, kwa mimea iliyofanana nayo tu. Mwaka 1972 ndipo ilipotambuliwa kuwa spishi nyingine, ikaitwa Salvinia molesta. Makao yake ya asili yalipatikana mwaka 1978, kusini-mashariki mwa Brazili. Huko ndiko alikokutwa mbawakavu wa kweli, naye akifanana mno na ndugu yake wa spishi nyingine aliyekuwa amejaribiwa mwanzo.

Kwa hiyo tusiridhike kuambiwa kwamba ni “aina ya salvinia”. TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, ina kituo hapa Mwanza. Gugu lipimwe, spishi itajwe kwa jina kamili, na wananchi tuelezwe. Kama ni molesta, mdudu atafutwe na ajaribiwe kwanza kwenye mimea yetu ya ziwani kabla ya kuachiwa, maana tuna mimea yetu ya asili inayoelea na kuota kandokando, nayo ina wadudu wake.

Nawaheshimu mno wanaoliopoa kwa mikono na reki. Bila wao mitumbwi mingi isingetoka. Ila Salvinia molesta haizaliani kwa mbegu, huzaliana kwa kukatika, na kila kipande chenye chipukizi kinachobaki majini ni gugu jipya. Kinachoopolewa kipelekwe mbali na maji, kisirundikwe ufukweni mvua ikakirudisha. Na siku mbawakavu watakapokuja, sehemu fulani za gugu ziachwe makusudi wapate kuzaliana. Najua mvuvi aliyefungiwa njia hatapenda kusikia hilo, lakini mdudu asiye na chakula hufa, na gugu litakalorudi baadaye halitamkuta.

Mto Mirongo nao unaendelea kumwaga uchafu wa jiji ziwani, na gugu lolote linaneemeka hapo. Hilo lina uzito wake, linastahili barua nyingine.

Gazeti lako linafika ofisi ambazo sisi wa mialoni hatufiki. Naomba mwandishi wako aulize: ni spishi gani, na nani amepewa kazi ya kumtafuta mdudu wake?

Mkazi wa Luchelele,
Mwanza