Simu kunyamaza si ruhusa ya kurusha droni

Mhariri,

Mimi ni mpiga video za harusi, mkazi wa Likoni, na huu ni mwaka wangu wa 12 katika kazi hii. Naandika kuhusu jambo lililonipata Mfunguo Mosi, msimu ambao sisi watu wa kamera hatulali, nikitaraji kuwa mwenzangu mmoja au wawili watasoma kabla hawajawasha mitambo yao Jumamosi hii.

Bwana harusi alikuwa wa ng'ambo hii yetu, bibi harusi wa Mji wa Kale. Msafara ulikuwa uvuke feri saa kumi alasiri, na watu wake walitaka uonekane kutoka juu: kanzu nyeupe zimejaa feri nzima, matwari yanalia, maji yamezunguka. Nilifungua programu ya droni kwenye simu. Kwenye ramani yake hapakuwa na duara jekundu la kuzuia wala onyo lolote. Nikaiweka droni juu ya kifuniko cha ndoo, mchanga usiingie kwenye mota, nikaiwasha. Pangaboi hazijashika kasi, bwana mmoja mwenye shati la mikono mifupi akanisimamia mbele.

"Habari ya kazi, ndugu yangu. Hiyo zima kwanza."

Alitaka karatasi tatu: ya usajili wa droni, ya cheti cha kampuni inayonipa kazi, na ya ruhusa ya kurusha mahali pale siku ile. Mbili nilikuwa nazo mfukoni. Kwa ile ya tatu nilimwonyesha simu. Aliitazama, akanirudishia. "Hii ni ramani ya aliyekuuzia, mimi nataka ya serikali."

Droni ililala kituoni siku 9. Sikutukanwa, na hata chai nilipewa. Lakini ndani yake mlikuwa na kadi yenye picha za harusi ya Ijumaa kule Kisauni, ambazo kwa uvivu wangu sikuwa nimezihamisha, na mwenye harusi ile alinipigia simu kila siku baada ya Alfajiri. Siku ya tano niliacha kupokea.

Nikiwa sina droni, nilikaa nikazisoma kanuni za mwaka 2020 za ndege zisizo na rubani, ambazo nilikuwa nikizisikia tu. Kanuni zinakataza kupita futi 400 kutoka ardhini, yaani kama mita 120. Zinakataza kukaribia chini ya mita 50 mtu, gari, chombo au jengo lisilo chini ya usimamizi wako. Na bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, hurushi ndani ya kilomita 10 za uwanja mkubwa wa ndege, au kilomita 7 za uwanja mdogo. Hapo ndipo nilipojishika kichwa. Kilomita hizo hazihesabiwi kutoka kwenye ua wa uwanja, kama nilivyodhani miaka yote. Zinahesabiwa kutoka alama maalumu ya uwanja wenyewe, na mstari unanyooka hewani, hauzunguki na barabara ya Changamwe.

Nikachukua ramani ya simu nikapima kutoka uwanja wa ndege wa Moi. Kivuko cha Likoni ni kama kilomita 9, kwa hivyo nilikuwa ndani kabisa. Mama Ngina, ambako kila mchumba anataka apigwe picha jua likizama, pia kwa sehemu kubwa ni ndani, na Ikulu ya Mombasa iko jirani. Fort Jesus ndiyo iliyonichekesha: inaangukia karibu kilomita 10 kamili, kiasi kwamba ukisogeza kidole kidogo umetoka na ukikirudisha umeingia. Hata ukijihesabu umetoka, ile ngome ni ya Makavazi ya Kitaifa, na wenyewe lazima waulizwe. Wenzangu wa Diani nao wasijipe moyo. Uwanja wa Ukunda uko nyuma yao tu, na uchukue 7 au uchukue 10, hoteli za ufuoni Diani zimo ndani.

Halafu kuna yale ambayo hayana uhusiano na uwanja wa ndege. Kutoka mita 120 juu ya kivuko, kamera yangu inaiona bandari ya Kilindini na inauona upande wa Mtongwe, kwenye kambi ya jeshi la wanamaji. Mimi namtazama bwana harusi, kamera inatazama manowari. Yule bwana wa shati fupi hakuwa na njia ya kujua ninatazama nini. Ukienda kaskazini, pale Mtwapa watu wanasifu mandhari ya kijito na kusahau kuwa gereza la Shimo la Tewa liko hapo hapo. Fuo za Nyali na Bamburi ziko nje ya kilomita 10, ila bahari yake ni hifadhi, na wenye hifadhi ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori.

Sasa, kwa nini simu ilinyamaza? Kwa sababu ramani iliyomo ni ya kiwanda, na kiwanda si serikali. Kampuni ya DJI yenyewe, ya Shenzhen, Uchina, ambayo droni zake ndizo tunazozitumia wengi wetu, ilianza mwaka 2024 huko Ulaya, kisha Januari 2025 Marekani, kuliondoa lile zuio la droni kukataa kupaa na kubakisha onyo tu. Rubani aamue mwenyewe, na lawama iwe yake. Basi simu ikikunyamazia Likoni, haijakwambia lolote. Vile vile mahali palipokuwa halali jana huenda leo pamefungwa, hasa anapokuja mgeni mkubwa, na tangazo la kufunga anga huenda kwa marubani kwa ile notisi yao iitwayo NOTAM, si kwenye kundi letu la WhatsApp.

Nina neno pia kwa wenye harusi. Mama wa bibi harusi yule aliniambia, "Mwanangu, rusha dakika mbili tu, nani ataona?" Mama, wanaona. Ukitaka picha ya juu, nipe mahali na saa mapema, wiki kadhaa kabla, si usiku wa kuamkia harusi. Barua ya kuomba huandikwa, hupelekwa, husubiriwa. Na yule mjomba anayekuja kutoka Maskati na droni kwenye begi kama zawadi, aambiwe aombe kibali cha kuiingiza nchini kabla hajapanda ndege, ama zawadi itaishia kwa watu wa forodha.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni nusu ukurasa siku moja. Ichapishwe ramani ya Mombasa yenye duara la kilomita 10, iandikwe kwa Kiswahili, iwekwe na namba ya KCAA ya kuuliza. Nitaikata niibandike dukani, na najua vinyozi wawili jirani ambao hurusha droni siku za Idi watakaokuja kuisoma.

Wiki ijayo nina harusi Kibokoni, hatua chache kutoka Fort Jesus, pale pale kidole kinapotetemeka. Barua yangu ya ruhusa imeshakwenda. Isipojibiwa, nimeshazungumza na bi mkubwa mwenye ghorofa inayotazama njia: nitapanda juu ya paa lake na kamera ya mkono, kwa sharti kwamba nivue viatu na nisikanyage nguo zake alizoanika.

Mpiga video za harusi,
Likoni, Mombasa