Kusimika Nextcloud: maandalizi ya Jumamosi, Bukavu

Ndugu wanakikundi, Jumamosi tutakutana Ibanda kusimika Nextcloud, programu ya kuhifadhi na kushirikishana faili kwenye seva yako mwenyewe, katika seva yetu inayotumia Debian (mfumo endeshi wa Linux). Kila mmoja aje na kompyuta yake pamoja na ufunguo wa SSH (jozi ya faili za kujitambulisha unapoingia kwenye seva kutoka mbali) uliokwisha kutengenezwa, kwa kuwa kuingia kwa nywila kutafungwa mapema. Nginx, programu ya seva ya wavuti, itapokea wanaotembelea tovuti kupitia poti (milango ya mtandao) 80 na 443, na cheti cha usalama wa tovuti cha Let's Encrypt, ambacho hudumu siku 90, kitajihuisha chenyewe.

Ninalosisitiza ni nakala rudufu: kunakili folda ya data peke yake hakutoshi, kwani akaunti za watumiaji na ruhusa za kushirikishana faili hukaa katika hifadhidata, ambayo kwetu inaendeshwa na programu ya PostgreSQL. Wenye betri za akiba wazilete. Umeme wetu mnaujua.